Mbavu za Mpui: Viungo Vikavu, Moto Mdogo na Jumamosi ya Wawili

Leo ukurasa wetu umefunga safari. Kila tukiandika habari za mtoko wa wikiendi tunapata malalamiko yale yale: "Nyie mnawaandikia watu wa Masaki na Mikocheni. Sisi tuliopangiwa kazi mikoani tutoke twende wapi?" Malalamiko ya haki kabisa. Kwa hiyo mwezi huu Mikocheni hatuendi. Tunakwenda Mpui, Rukwa, juu kule kwenye uwanda wa Ufipa, na tunakwenda kuchoma mbavu za kitimoto. Zikiwa nzima, kwa viungo vikavu vya kutengeneza wenyewe, nyuma ya nyumba yenu, ninyi wawili.

Kwa asiyepajua, Mpui ni mji mdogo kwenye barabara kuu itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga. Mwambie mtu wa Dar kwamba umepangiwa kazi Sumbawanga uone. Neno la kwanza ni "pole". La pili ni utani wa uchawi. Wengi wa hao wanaokupa pole hata Mbeya hawajafika. Wangepanda basi wakafika wangekuta nchi ya wazi yenye upepo, mashamba ya mahindi, maharage, alizeti na ulezi, na baridi ya Juni na Julai inayomfanya mtu atafute moto saa kumi na moja jioni. Wangekuta pia nguruwe. Nyanda za juu kusini, tangu Iringa na Njombe hadi Mbeya, Songwe na Rukwa, ni kati ya maeneo yanayoongoza kwa ufugaji wa nguruwe nchini. Yaani wewe mwalimu, nesi au bwana shamba uliyepelekwa huko ukanung'unika, kitimoto ambacho mwenzako wa Sinza anakipanga foleni, wewe kimekuzunguka.

Tatizo halipo kwenye nyama. Lipo kwenye namna tunavyoila.

Jumamosi ya kitimoto Tanzania tunaijua sote. Baba anaaga saa tisa, "naenda kuonana na jamaa mara moja." Anakaa na washikaji, inaagizwa kilo, inakatwa vipande, inatiwa kwenye karai, inakaangika ndani ya mafuta yake yenyewe, inakuja na ndizi, kachumbari na pilipili, na moja baridi pembeni. Saa nne usiku mama analetewa kifurushi cha foili kilichopoa. Na anatakiwa ashukuru! Dada mmoja aliniambia ameshakula vifurushi vya foili miaka mitatu ya ndoa na hajawahi kuila nyama hiyo ikiwa ya moto. Nilicheka, kisha nikaona si jambo la kucheka.

Siisemi vibaya nyama ya karai, naipenda. Lakini nyama ya karai ni ya haraka na ya kundi. Mbavu nzima haziko hivyo. Zinataka saa mbili, mbili na nusu, kwenye moto mdogo, na mtu wa kukaa karibu. Huwezi kuziwekea moto ukaenda kuonana na jamaa mara moja. Kwa wawili ambao wiki nzima wanapishana mlangoni, mmoja zamu ya usiku, mwingine anasahihisha madaftari ya darasa zima, saa mbili za kukaa kando ya jiko bila la kufanya zaidi ya kuchochea na kuongea ni kitu adimu kuliko nyama yenyewe.

Mtindo wa viungo vikavu si wetu, tusijidanganye. Wenye sifa nao ni watu wa Memphis, kule Tennessee, Marekani. Mwaka 1948 Charlie Vergos, Mmarekani wa asili ya Kigiriki, alifungua mgahawa chini ya ardhi mjini humo akauita Rendezvous, na mbavu zake zikajulikana kwa sababu hazikuloweshwa sosi. Zilichomwa juu ya mkaa na kunyunyiziwa viungo vikavu, vingine vya jikoni kwa Wagiriki. Tena Wamarekani na barabara ya Mpui si wageni kabisa. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, ilijengwa kwa fedha za Millennium Challenge Corporation, shirika la serikali yao, chini ya mkataba ulioanza 2008 na kumalizika 2013. Walileta lami, mapishi tunayachukua wenyewe.

Tuanzie buchani, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Muuza nyama wetu akimaliza kuning'iniza nyama mkono wake unakwenda kwenye shoka. Kila kitu kinapigwa vipande, mbavu zikiwemo, unapimiwa mchanganyiko wa mfupa, nyama na ngozi. Wahi asubuhi, kabla shoka halijaanza, useme mapema: "Kaka, shikamoo ya asubuhi hii ni ya mbavu. Nipatie upande mzima, usipige shoka." Atakushangaa, halafu atakuzoea. Jumamosi ya tatu atakuwa anakuwekea. Kama ni mtu mzima kwako, shikamoo iwe ya kweli, na bei itakuwa nzuri zaidi.

Upande mzima utakaopewa unategemea mnyama. Nguruwe wa kienyeji, yule mdogo mweusi, ana mbavu nyembamba zenye nyama kidogo lakini tamu. Saa moja na nusu motoni zinamtosha. Chotara ana mbavu pana zenye mafuta, huyo mpe saa mbili na nusu. Chagua zenye nyama inayofunika mfupa, rangi ya waridi iliyokoza, mafuta meupe. Zenye rangi ya kijivu au utelezi ziache hapo hapo.

Sasa hapa naomba tuwe siriazi kidogo, tena kwa Rukwa na mikoa jirani hili lina uzito wa pekee. Nyama ya nguruwe inaweza kubeba vifuko vidogo vyeupe vyenye maji ndani, ukubwa wa punje ya mchele hadi njegere, vimejipanga katikati ya misuli. Hao ni watoto wa minyoo aina ya tegu. Nguruwe anawapata kwa kula kinyesi cha binadamu, na ndiyo maana tatizo ni kubwa mahali nguruwe wanapozurura na vyoo ni vya mashaka. Nyanda za juu kusini ni kati ya maeneo ya nchi yetu yanayosumbuliwa nalo. Ukila nyama yenye vifuko hivyo ikiwa haijaiva, unafuga tegu tumboni.

Mpaka hapo wengi wanajua. Sehemu inayofuata ndiyo haisemwi kwenye meza za kitimoto. Tegu aliyeko tumboni mwa mtu anataga mayai, yanatoka na choo. Mtu huyo asiponawa mikono vizuri akashika chakula, au mayai yakafika kwenye maji na mboga, anayeyameza hapati tegu wa tumboni. Watoto wa tegu wanasafiri mwilini mwake, na wakifika kwenye ubongo wanaleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo mengi yenye tegu huyu, kiasi cha asilimia 30 ya kifafa kinatokana naye.

Soma tena sentensi hiyo, kisha fikiria ni ndoa ngapi zimevunjika kwa sababu ya kifafa. Ni binti wangapi wamerudishwa kwao. Ni bibi gani wa jirani alinyooshewa kidole kwamba yeye ndiye aliyemroga mtoto. Na anayeugua si lazima awe mla kitimoto. Anaweza kuwa Muislamu safi, Msabato, au mtoto wa miaka mitano ambaye hajawahi kuonja. Amemeza mayai kupitia mikono ya mwingine. Kwa hiyo ule utani wa uchawi wa Sumbawanga, ukiutazama kwa jicho hili, unakosa kuchekesha. Ugonjwa mwingine unaosingiziwa watu una jina hospitalini, unapimwa na una dawa. Kama kwenu kuna aliyeanza kuanguka kifafa ukubwani, mpeleke hospitali, na mweleze daktari mnaishi wapi na mnafuga nini.

Basi ufanye nini? Kwanza, nunua nyama iliyokaguliwa na yenye muhuri wa mkaguzi. Ukiona muhuri haupo, uliza, huo si ukorofi. Wachuuzi wengi wanamkagua nguruwe kwa kumshika ulimi akiwa hai kutafuta vifuko. Inasaidia, lakini mwenye vifuko vichache anapita hivi hivi. Wewe mwenyewe ukifika nyumbani fungua nyama kwa kisu sehemu moja mbili, utazame kwenye mwanga. Ukikuta punje, usiseme "nitaichoma sana." Irudishe na umtaarifu ofisa mifugo wa kata. Pili, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula chochote. Tatu, kachumbari! Watu wanaogopa nyama, hawaiogopi kachumbari, wakati nyama inapita motoni na kachumbari inaliwa mbichi. Nyanya, vitunguu, matango na kabichi vioshwe kwa maji safi yanayotiririka, kimoja kimoja, na anayekata awe amenawa.

Habari njema ni kwamba mapishi yetu ya leo yako upande wa usalama. Wataalamu wa Marekani wanashauri nyama nzima ya nguruwe ifike nyuzi joto 63 kwa ndani, kisha ipumzike dakika 3. Mbavu za kuchomwa taratibu hazilainiki mpaka zikaribie nyuzi 90. Yaani zikiwa laini, zimeshaiva kitambo. Anayekuletea mbavu ngumu zenye uwekundu karibu na mfupa mrudishie, hata kama ni mumeo.

Tugeukie viungo. Kwa kilo mbili za mbavu, zinazotosha ninyi wawili na mgeni mmoja asiye na aibu, andaa kijiko kikubwa kimoja cha chumvi na viwili vya sukari. Sukari yetu ya hapa, ile yenye rangi ya kahawia, inafaa kuliko nyeupe pe. Ongeza vijiko vikubwa viwili vya paprika. Hii ni pilipili nyekundu isiyowasha, ya kutia rangi, na Mpui huenda usiipate. Agiza kwa anayekwenda Mbeya au Dar, kopo moja linakaa miezi. Ukikosa kabisa, pasua pilipili hoho nyekundu, toa mbegu, anika juani mpaka zikauke kama karatasi, twanga. Rangi itakuwa hafifu kidogo, utamu haupungui.

Halafu kijiko kikubwa cha pilipili manga, kijiko kidogo cha binzari nyembamba, kimoja cha mbegu za giligilani, kimoja cha tangawizi ya unga, kimoja cha kitunguu saumu cha unga, nusu kijiko kidogo cha pilipili kichaa, na mdalasini wa kuchukua kwa ncha za vidole viwili tu. Pilipili manga, binzari na giligilani nunua nzima, si za unga. Zikaange kwenye kikaango kikavu dakika moja mpaka zianze kunukia, ziache zipoe, utwange kwenye kinu. Unga wa dukani uliokaa kwenye pakiti mwaka mzima ni vumbi lenye jina. Kama ninyi bado ni wachumba, kutwanga kwa zamu ni mchezo mzuri, kelele zake zinawapa majirani la kusema.

Utashawishika kutumia mchanganyiko wa pilau kwa sababu upo kila duka. Usitumie. Karafuu na iliki zinatawala kila kitu, na mbavu zako zitanukia Idi. Kitimoto chenye harufu ya Idi, hapana jamani, tuheshimiane.

Vitunguu saumu vibichi vya kusaga navyo viache pembeni leo, pamoja na ndimu na sosi ya soya. Najua ndivyo tulivyozoea, nyama ilale kwenye maji maji usiku kucha. Ila nyama iliyolowa ikifika motoni kwanza inatoa mvuke, inajichemsha, na vitunguu saumu vibichi vinaungua vinakuwa vichungu. Viungo vikavu vinafanya kazi nyingine. Chumvi inavuta maji ya nyama juu, maji yanayeyusha viungo, kisha yanarudi ndani na ladha yake. Kinachobaki juu kinakauka na kuwa gamba jeusi jekundu lenye utamu na ukali. Gamba hilo ndilo tunalolitafuta.

Kabla ya kupaka, geuza mbavu upande wa ndani. Kuna utando mweupe unaong'aa umefunika mifupa yote. Pitisha mpini wa kijiko chini yake, uinue, ushike kwa kitambaa kikavu, uvute. Ukiwa na bahati unatoka wote kwa mara moja. Usipoutoa, viungo havipiti na mlaji anatafuna kitu kama mpira. Kausha nyama kwa kitambaa safi, nyunyizia viungo pande zote, pigapiga kwa kiganja vishike. Mwenye friji aziache usiku kucha. Asiye na friji, saa moja au mbili mahali penye ubaridi zinatosha. Usiniambie baridi ya Ufipa ni friji, nzi hawaijui hiyo hoja.

Na tafadhali, usizichemshe kwanza. Kuna wanaochemsha mbavu ili kuharakisha, wanamwaga supu yote tamu, halafu wanakuja kuchoma mifupa iliyokwisha utamu. Kwenye uwanda wa juu kama Ufipa hata kuchemsha kwenyewe ni kwa taratibu, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Mpika maharage wa Sumbawanga hahitaji kufundishwa hilo.

Jiko. Pipa lililokatwa katikati na wavu juu ni bora, lakini jiko kubwa la mkaa linafaa. Washa mkaa, subiri mpaka uwe na majivu ya kijivu juu, kisha usukume wote upande mmoja. Weka mbavu upande wa pili, mfupa chini. Hapa ndipo siri yote ilipo: nyama isikae juu ya moto, ikae jirani na moto. Mafuta ya nguruwe yakidondokea mkaa yanalipuka, na sukari yako inakuwa lami kabla ndani hapajapata habari. Chini ya nyama weka bakuli la bati lenye maji kidogo lipokee mafuta. Funika vyote kwa karai kubwa lililopinduliwa au kipande cha bati safi kisichopakwa rangi, ukiacha upenyo wa moshi.

Ukitaka moshi wenye harufu, tupia juu ya mkaa vijiti viwili vitatu vya mpera au mwembe. Mikaratusi na misonobari usiiguse hata kama imekujalia uani. Moshi wake mchungu unaganda kwenye nyama kama dawa ya kifua.

Kila nusu saa geuza, tazama, ongeza mkaa kidogo upande ule ule. Zaidi ya hapo funika. Kila ukifunua kuchungulia joto linatoka, na huo upepo wa Ufipa unasubiri nafasi hiyo hiyo. Baada ya saa moja na nusu ncha za mifupa zitaanza kuchomoza, nyama imejivuta nyuma kama kipande cha kucha. Shika upande mmoja kwa koleo uinue. Mbavu zikipinda na nyama ikaanza kupasuka juu, tayari. Zikiwa bado zimekakamaa kama ubao, rudisha, ongeeni nusu saa nyingine. Mwisho kabisa zisogeze juu ya mkaa wenyewe dakika mbili kila upande ili gamba likaukie, na hapo usibanduke, sukari haisubiri mtu. Wapo wanaosifia nyama inayodondoka mfupani yenyewe. Mimi naona hiyo imepitiliza. Iachie meno kazi kidogo.

Sasa neno kwa akina kaka. Kuna kitu cha ajabu kuhusu moto wa nje. Mwanaume ambaye hajui chumvi inakaa kabati lipi, ukimpa koleo na jiko la mkaa anakuwa bingwa. Safi sana, tumieni mwanya huo. Lakini tumeona pia namna mambo yanavyokwenda: yeye anasimama na koleo na glasi, anapigiwa makofi na wageni, wakati mkewe ametwanga viungo, amevuta utando, amepika ugali, ameosha kachumbari, na usiku atasugua wavu wenye mafuta yaliyoganda. Hiyo si kuchoma kwa wawili, hiyo ni onyesho lenye msaidizi. Mgawane kabla mkaa haujawaka, na wavu usafishe wewe uliyeshika koleo, ukiwa bado wa moto, kwa gazeti lililokunjwa au nusu ya kitunguu. Baridi ikiupata hautoki.

Vipi kama mmoja wenu hali? Kwetu hili ni la kila siku. Wapo Mkristo na Muislamu waliooana, wapo Msabato na Mkatoliki, yupo tu ambaye nyama hiyo haimpandi. Jibu langu ni fupi. Usimlishe mwenzio bila kumwambia, hata kwa mzaha, hata "kidogo tu aonje hatajua." Atajua, na siku akijua hamtazungumzia nyama, mtazungumzia kama anaweza kukuamini jikoni, na kwingine. Viungo hivi hivi vinakaa vizuri sana kwenye mbavu za mbuzi. Punguza sukari iwe kijiko kimoja, na kwa kuwa mbuzi hana mafuta mengi mpake mafuta ya alizeti kidogo kabla ya viungo. Ila viungo vigawe kwenye bakuli mbili tangu mwanzo. Jiko lake, wavu wake, kisu chake na koleo lake viwe mbali, na cha nguruwe kisihamie huko "kwa sekunde moja tu." Nawajua wawili wanaochoma majiko mawili uani, hatua kumi kutoka moja hadi jingine, wanapiga stori kwa sauti. Wanaendelea vizuri kuliko wengi wanaokula sahani moja.

Mezani, mbavu hizi hazihitaji mengi. Ugali wa moto, wa mahindi au wa ulezi, au ndizi za kuchoma. Ndimu ambayo tuliikataa mwanzoni sasa inakaribishwa, ikamuliwe juu wakati wa kula. Maharage ya Ufipa yaliyoungwa kwa kitunguu tu yanapatana vizuri na utamu wa sukari. Kinywaji chagueni wenyewe. Wazee wa huko watakwambia pombe ya ulezi, na anayeendesha usiku huo barabara ya Tunduma atakunywa soda. Kateni ubavu mmoja mmoja kwa kisu kikali mbele ya anayekula. Uma weka mbali, hapa ni vidole.

Zikibaki, zifunikwe na kuliwa kesho yake baada ya kupashwa vizuri mpaka zichemke mafuta. Nyama ikichambuliwa na kurushwa na vitunguu na nyanya inakuwa kifungua kinywa cha Jumapili kabla ya misa ya pili.

Jambo moja kwa anayeishi Mpui au popote penye mabanda ya nguruwe jirani. Kuna homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921. Binadamu haumpati, lakini nguruwe ukimpata hana tiba, na banda zima linaweza kwisha ndani ya siku chache. Kwa familia nyingi za huko banda hilo ndilo ada ya shule. Virusi vyake vinaishi kwenye nyama mbichi, hata iliyogandishwa. Kwa hiyo ule utando, vipande vya mafuta na maji uliyooshea nyama usimwagie kwenye pumba za nguruwe wa mtu, chimbia. Usibebe nyama mbichi kwenye basi kuwapelekea shemeji zako wa Mbeya eti zawadi kutoka Ufipa. Wapelekee kopo la viungo ulivyotwanga, wao wanunue mbavu kwao. Kopo likiwa kavu na limefungwa vizuri linakaa miezi mitatu bila kupoteza harufu.